Sanduku la Bibi na Simu ya Mdogo Wangu

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, kioo chake kimepasuka kwa pembeni. Tulikuwa watatu mkekani: mimi, mdogo wangu mwenye mimba ya miezi saba, na bibi yetu. Kwenye video mikono yenye glovu ilikuwa inamkausha mtoto aliyezaliwa sasa hivi, inamsugua mgongo, inamgeuza. Sauti ya Kiswahili ilikuwa inaeleza taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Bibi akatazama mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mama yake yuko wapi? Mbona hawamwonyeshi uso?"

Mdogo wangu akacheka, akairudisha video mwanzo kwa kidole gumba.

Nilikuwa nimevuka kwenda Kilwa Kisiwani kwa kazi nyingine. Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu wakunga wa jadi wa pwani ya Lindi tangu uhuru. Niliona nina bahati: bibi yangu mwenyewe ni mkunga, nitalala kwake bure, nitakula samaki wake, nitarekodi. Sikujua kwamba mdogo wangu alikuwa na mpango wake. Kwenye memori kadi alikuwa ameweka video kumi na nne za namna ya kuzalisha, alizorushiwa na rafiki yake wa Masoko. Amenunua sabuni, nyembe mpya mbili, mpira wa kutandika na pamba. Alitaka kujifungulia nyumbani, chumbani kwa bibi, na mimi niwe msomaji wa maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya video.

Sababu yake naijua na sikuweza kuibishia. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa ndani ya mashua, usiku wa upepo wa kusi, katikati ya mkondo kati ya Kisiwani na Masoko. Si safari ndefu. Kwa mchana mtulivu unavuka kabla hujamaliza mazungumzo. Usiku ule ilikuwa ndefu. Mtoto hakufika alasiri. Tangu hapo, kwa mdogo wangu, hatari inaitwa mashua, na usalama unaitwa chumba chenye mlango.

Kilwa Kisiwani ina historia nyingi kuliko watu wake. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamsifu sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Wareno walifika 1505 wakauteka mji. Neville Chittick alikuja kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, akapima Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu, akahesabu sarafu, shanga na vigae vya China. UNESCO ikayaingiza magofu haya na ya Songo Mnara kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Nimeyasoma yote hayo nikiwa chuoni, na nakiri nilifika mwaka wa pili wa shahada ya kwanza kabla sijajiuliza swali la kijinga: wote hawa, masultani na mafundi wa matumbawe na watumwa wao, walizalishwa na nani? Tarikh ya Kilwa inataja baba na mtoto, baba na mtoto, kama vile hakukuwa na chumba katikati.

Kwa mwambao, andiko la mapema la Kiswahili ninalolijua lenye kuingia chumba hicho ni la Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili mwaka 1900. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kinaanza na uzazi kabla hakijafika kwenye unyago, ndoa na matanga. Lakini Mtoro alikuwa mwanamume, na chumba cha uzazi pwani si mahali pa mwanamume. Alichoandika alikisikia kutoka nje ya mlango. Elimu yenyewe ilibaki kwa wanawake, ikipita kwa somo na kungwi, kwa ngoma, kwa maneno ya mafumbo ambayo mwali hapewi maana yake mpaka siku yake. Bibi anasema alijifunza ukunga kwa kushika taa. Alimshikia taa mama yake mkubwa miaka mingi kabla hajaruhusiwa kushika mtoto.

Nilipomwambia kwamba kufundishwa afya kwa picha zinazotembea si jambo la juzi hapa kwetu, hakuamini. Mwaka 1935 Mwingereza aliyeitwa Notcutt, aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge, aliweka kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, kwa ajili ya mradi wa majaribio ya sinema za elimu kwa Waafrika. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Mpaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi 35 hivi: safura, malaria ya watoto wachanga, kodi, akiba ya posta. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, na lori lenye mashine na jenereta likazunguka nazo. Miaka hiyohiyo, huko Nigeria, William Sellers alikuwa anahubiri kwamba filamu ya Mwafrika lazima iende polepole, isiwe na hila ya kamera, la sivyo mtazamaji hataelewa. Nilimkumbuka Sellers nilipomwona mdogo wangu akisimamisha video, akiirudisha nyuma sekunde tatu, akiiongeza kasi sehemu za shukrani na nembo za wafadhili. Polepole na haraka sasa ni juu yake.

Kusini, elimu ya uzazi ya kizungu haikuja na lori la sinema. Ilikuja na misheni. Wamisheni wa UMCA walikuwa Masasi tangu karne ya 19, Wabenediktini walikuwa Ndanda, na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Tanganyika, iliyokuwa na wasiwasi kwamba watoto wanakufa na nguvukazi inapungua, iliachia misheni sehemu kubwa ya kazi ya kina mama na watoto. Leader Stirling alifika Lulindi mwaka 1935, akapasua watu kwenye jengo la miti na nyasi, na baada ya miaka arobaini akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Lakini hayo ni bara ya Kusini. Pwani ya Waislamu, na hasa kisiwa kama hiki, misheni haikuwa na mlango mpana. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameandika juu ya Yakusu, karibu na Kisangani, ambako misheni iliibadilisha namna ya watu kuzaa, na namna watu walivyoibadilisha misheni. Nilikisoma kitabu chake kwa wivu. Sisi wa Kisiwani hatukuachiwa mafaili kiasi hicho.

Tuliachiwa barabara mbovu. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam kulikuwa ni kusubiri kivuko cha Ndundu, na wakati wa masika watu wa Kusini walikuwa kama wako nchi nyingine. Msidhani hayo yamekwisha kabisa: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyohiyo pale Somanga, Kilwa, na magari yakalala njiani siku kadhaa. Watu wanaouliza kwa nini wanawake wa huku walishikilia wakunga wao wanadhani jibu ni mila. Sehemu kubwa ya jibu ni udongo.

Siku ya tatu bibi alinitolea sanduku. La bati, dogo, rangi imebabuka, nembo ya UNICEF bado inaonekana kama ukiliinamisha kwenye mwanga. Alilipata miaka ya 1980, baada ya semina ya wiki mbili Masoko. Ndani yalibaki mkasi wenye kutu, kibakuli, kipande cha mpira na brashi ya kucha. Zamani mlikuwa na nyembe, uzi wa kufungia kitovu, sabuni, taulo na aproni.

Sanduku hilo lina ukoo wake. Tanzania ya Azimio la Arusha ilikuwa imejaribu kupeleka zahanati vijijini, na mwaka 1973 ilifanya kitu ambacho hata leo kinanishangaza: kampeni ya Mtu ni Afya. Watu milioni mbili hivi walikaa kwenye vikundi, chini ya miembe na kwenye madarasa, wakasikiliza vipindi vya redio kuhusu malaria, kichocho, safura na kuhara, kisha wakasomewa kitabu na kiongozi wa kikundi, wakabishana, wakachimba vyoo. Bibi alikuwa kwenye kikundi. Hakumbuki alichosikia juu ya kichocho, ila anakumbuka kwamba mzee mmoja alibishana na redio mpaka kiongozi akaizima. "Redio haijibu," alisema, "lakini sisi tulikuwepo, tukamjibu." Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ukaitangazia dunia huduma ya afya ya msingi, na wakunga wa jadi wakapata cheo kipya: sasa walikuwa rasilimali. Mwaka 1987, Nairobi, ukazinduliwa mpango wa uzazi salama. Semina zikaongezeka, na masanduku.

Wakufunzi walijua wakunga wengi hawasomi, kwa hiyo walifundisha kwa picha na mwanasesere wa kitambaa. Bibi alinionyesha kwa mikono jinsi mwanasesere alivyopitishwa kwenye tundu la boksi. Nao waliambiwa waweke hesabu. Yeye hakuwa na daftari, akaweka hesabu kwa mkaa, ndani ya kifuniko cha sanduku. Nilihesabu mistari sitini na moja. Saba imekatwa kwa mstari wa pili. Sikuuliza ni mama au ni watoto, naye hakusema. Alichukua kifuniko mkononi mwangu, akakirudisha.

Mistari inaishia mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kukisia kwake ("mama yako alikuwa anakaribia kukuzaa"). Huko duniani tathmini zilikuwa zimeanza kusema wazi: mafunzo ya wakunga wa jadi peke yake hayajapunguza vifo vya kina mama kama ilivyotarajiwa. Kinachoua ni kutoka damu nyingi, kifafa cha mimba, uchungu pingamizi, uambukizo. Na dawa ya mambo hayo ni sindano, damu ya kuongezewa, chumba cha upasuaji, na usafiri wa kufika huko. Wembe safi hauwezi kuzuia damu. Shirika la Afya Duniani likaweka mkazo kwa mhudumu mwenye ujuzi, tamko lake la 2004 likalikaza hilo, na hapa kwetu mkunga wa jadi akapewa kazi nyingine: kumhimiza mama aende kituoni, na kumsindikiza.

"Walinipa wembe," bibi alisema, "kisha wakaniambia nisikate."

Hapa ndipo wenzangu wengi darasani wangefunga ukurasa. Tuna tabia, sisi wanahistoria vijana, ya kumpenda mkunga wa jadi kuliko anavyojipenda mwenyewe. Anakuwa shujaa aliyenyang'anywa elimu yake. Nami nilikuja kisiwani na sentensi hiyo tayari kichwani. Lakini mistari saba ilikuwa imekaa pale kwenye kifuniko, na takwimu zinasema kitu: mwaka 2004-05, kwa utafiti wa kitaifa wa kaya, asilimia 47 tu ya uzazi Tanzania ulifanyika kwenye vituo vya afya, mwaka 2022 ni asilimia 81. Makadirio ya vifo vya kina mama yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Hata ukiyapunguza makadirio hayo kwa mashaka yote ya kitaalamu, kuna wanawake walio hai. Bibi anajua hivyo bila takwimu. Anachodai ni kitu kingine, kwamba alipoondolewa hakuna aliyekuja kumwuliza aliyoyaona.

Basi hizi video ni nini? Baadhi ya zile za mdogo wangu zimetengenezwa na Global Health Media Project, shirika lenye makao Vermont, Marekani, zikatiwa sauti ya Kiswahili. Ni nzuri, sina neno. Zinaonyesha uzazi wa kweli, hazifichi damu. Lakini nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya wahudumu wa afya. Mikono ile ya kwenye glovu ina sindano ya kuzuia damu kando yake, ina kifaa cha kumpulizia mtoto hewa, ina mwenzake wa kumwita. Video haisemi hayo kwa sauti kwa sababu kwa aliyekusudiwa hayahitaji kusemwa. Ikitoka mkononi mwa muuguzi ikaingia kwenye memori kadi ya mwanamke wa kisiwani, inaacha nyuma chumba kizima na kubaki na mikono.

Mwaka 2012 serikali na wadau wake walianzisha Wazazi Nipendeni: ulikuwa unatuma neno MTOTO kwenda 15001, bure, ukaletewa ujumbe kulingana na umri wa mimba. Ujumbe huo haukumfundisha mtu kuzalisha. Ulimwambia aende kliniki, apange usafiri, aweke akiba. Nadhani waliouandika walikuwa wamejifunza kitu kutokana na masanduku. Video, ambazo hakuna aliyezipangia njia ya kufika Kisiwani, zimerudisha somo la zamani la wembe na uzi bila mwanasesere, bila semina na bila mtu wa kubishana naye.

Kwa hiyo tukabishana sisi. Kila jioni baada ya isha, simu ikiwa imetoka kuchajiwa kwa jirani mwenye sola, tulitazama video moja na bibi akaihoji. Kwa nini kitovu hakikatwi mara moja? (Alifurahi kusikia kwamba sasa wanasema subiri kidogo, mama yake mkubwa alikuwa anasubiri, semina ikamwambia asisubiri.) Kwa nini mama amelala chali? Kondo la nyuma likichelewa, huyu wa kwenye simu anafanya nini? Video ikaonyesha: anachoma sindano, kisha anavuta taratibu huku mkono mwingine umezuia tumboni. Bibi akasema, "Sindano iko wapi hapa?" Mdogo wangu akanyamaza. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akifikiri jambo lingine zaidi ya mashua.

Halafu ikaja ile ya dalili za hatari. Kichwa kinachouma bila kuachia, macho kuona ukungu au nyota, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo. Bibi akaitazama, akafungua sanduku, akaingiza mkono chini ya kile kipande cha mpira na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne, picha ya semina: mwanamke mwenye uso uliovimba, ameshika kichwa. Miaka zaidi ya thelathini katikati, na mwanamke ni yuleyule, ila yule wa karatasi amechorwa bila viatu.

Wiki ya nne mdogo wangu aliamka na pete haitoki kidoleni. Akasema ni joto. Adhuhuri akasema kichwa. Alasiri alikuwa amekaa ukumbini amefumba macho, nami nikidhani anaswali kimoyomoyo, kumbe alikuwa anajaribu kuona kama nyota zitaondoka. Ni yeye mwenyewe aliyesema, "Dada, ile video." Bibi hakujibu kitu. Alikuwa tayari anafunga kanga.

Maji yalikuwa yametoka. Wakati huo mashua hazifiki ufukweni, mnatembea kwenye tope mpaka magotini kuifuata. Tulimshika huku na huku. Alipofika ubavuni mwa mashua alisimama, akakataa kupanda. Hakulia, hakupiga kelele, alisimama tu ameshika ukingo wa chombo, na tope linamvuta miguu. Nahodha akaangalia pembeni. Mimi na shahada yangu nilikosa neno. Bibi akamwambia, "Mke mwenzangu, safari ile ulipanda na uchungu. Leo unapanda bila uchungu. Hii si safari ile." Akatangulia yeye, na umri wake wote, akamnyooshea mkono kutoka juu.

Tulivuka magharibi. Upepo haukuwepo. Kutoka gatini tulichukua bajaji.

Kwenye kituo walimpima presha, wakaitana, wakamlaza, wakamtundikia dawa ya kuzuia kifafa. Muuguzi aliniuliza nani aliyegundua, nikasema ni yeye mwenyewe, nikaona nimesema nusu, nikasema na bibi. Bibi hakuruhusiwa kupita mlango wa wodi ya wazazi. Alikaa benchi la nje, sanduku mapajani. Sikuwa nimeona kwamba amelibeba. Mlinzi akamwuliza kuna nini ndani, akamwambia nguo za mtoto.

Umeme ulikatika usiku, na kabla jenereta haijawaka niliona mwanga wa simu ukipita kwenye kioo cha mlango. Baadaye mdogo wangu aliniambia ni simu yake, muuguzi aliiazima aione mishipa.

Walimwanzishia uchungu asubuhi. Mtoto alizaliwa alfajiri ya siku iliyofuata, wa kike, mdogo, na sauti kubwa. Nilipomtolea bibi habari alikuwa ameshatoka benchi, yuko ukutani kwenye mwanga wa taa ya nje, amepiga goti, sanduku liko wazi. Alikuwa anatafuta mkaa.

"Huyu si wako, bibi," nilimwambia. "Hukumzalisha."

"Nilimshikia taa," akasema. "Nenda jikoni kwao kaniombee mkaa."

Nikaenda.